Binti Yangu Amekataa Kuwa Mariamu

Mpendwa Mshauri,

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, kwa sababu kila nikiisoma naona kama ninalikuza jambo dogo. Lakini yapata majuma mawili sasa binti yangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 13, hafungui kinywa wakati wa sala ya jioni nyumbani, naye alikuwa ndiye anayependa kuianzisha. Najua ni mimi niliyemnyamazisha.

Nina watoto watatu. Kaka yake mkubwa ana miaka 21 na yuko chuoni mbali na nyumbani, na wa pili ana miaka 17. Tangu mkubwa alipokuwa na miaka 4, yaani kwa miaka 17 mfululizo, mimi ndiye ninayeshona maleba ya igizo la Krismasi kanisani kwetu. Nimeshona mabawa ya malaika kwa waya na kitambaa cheupe, vilemba vya mamajusi, na masikio ya kondoo yasiyohesabika. Ipo kanzu moja ya mchungaji ambayo watoto wangu wote watatu wameivaa. Upindoni mwake kuna mistari mitatu ya mishono ya zamani, kwa kuwa kila mwaka niliifumua nikaiteremsha kidogo. Kila mtoto alianzia mstari wa juu akashuka hadi wa chini. Mwaka jana binti yangu, ambaye siku zote alipenda kuwa mchungaji kuliko malaika, aliivaa vifundo vya miguu vikiwa nje. Hakuna tena kitambaa cha kuteremsha.

Kanisani kwetu msichana akifika umri wake ndipo hupewa nafasi ya kuwa Mariamu, nami nilikuwa nikiungoja mwaka huu kwa hamu. Nilimwambia mwalimu wa Shule ya Jumapili mapema kwamba binti yangu yuko tayari. Nilishona mtandio wa buluu. Nilitengeneza pia mto mdogo wenye kamba za kufungia tumboni, ili safari ya kwenda Bethlehemu ionekane ya kweli. Kisha Jumapili moja mwalimu akayasoma majina mbele ya kanisa zima, na jina lake likawa la kwanza.

Tulipofika nyumbani aliniambia kwa sauti ya chini, “Mama, hukuniuliza.” Nikamjibu kwamba kila mtu huona haya mwanzoni, kisha haya hutoka. Akasema yeye si mtoto tena, kwamba watamcheka, na kwamba hataki kusimama pale mbele. Mshauri, hapo ndipo nilipokosea, au labda nilikwisha kukosea kabla ya hapo. Nilimwambia kwamba anayemwonea haya Bwana, Bwana naye atamwonea haya. Alinitazama, akaukunja ule mtandio mara nne, akauweka juu ya cherehani yangu, akatoka.

Mume wangu anasema nimwache. Mama mkwe wangu, ambaye atakuwa nasi sikukuu hii, anasema mtoto hachagui kumtumikia Mungu. Mwana wetu wa pili anashughulikia spika na maikrofoni na hataki kuingizwa katika maneno haya. Mwalimu anasubiri jibu langu Jumapili ijayo.

Hofu yangu ina sababu. Mkubwa alikataa igizo alipofika miaka 14, kisha akaacha kwaya, na sasa akiulizwa habari za kanisa husema huenda akipata nafasi. Mwaka huu hatakuja nyumbani Krismasi, amepata kibarua cha likizo. Naogopa kwamba huu ni uzi ule ule umeanza kufumuka tena. Na nikisema kweli yote, ninalia pia kwa ajili yangu. Kwa miaka 17 nimelitazama igizo nikiwa nyuma ya pazia, pini zikiwa midomoni. Ikiwa sina mtoto pale, sijui hata mtu hukaa wapi.

Je, nimsisitize kwa mwaka huu mmoja tu, au nimwachilie?

Mshona Mabawa

*

Mpendwa Mshona Mabawa,

Nakushukuru kwa kutoifuta barua yako mara ya nne. Jambo hili si dogo. Mzazi anapoona mtoto ameacha kuomba pamoja na wenzake wa nyumbani, ana haki ya kuumia, hata kama chanzo chake ni mtandio na orodha ya majina. Umeniandikia pia sentensi ambayo wazazi wengi hawaiandiki, kwamba ni wewe uliyemnyamazisha. Sitaitumia sentensi hiyo dhidi yako. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba sehemu ya jibu unayo tayari.

Unaniuliza kama usisitize au umwachilie. Lakini nikiisoma barua yako naona mambo kadhaa yaliyofungwa kwa fundo moja: binti aliyekataa nafasi katika igizo, mama anayeogopa kwamba imani ya mtoto inapotea, neno lililosemwa kwa hasira, na mwanamke ambaye kazi yake ya upendo ya miaka 17 inabadilika bila ruhusa yake. Ukimjibu mwalimu ndiyo au hapana Jumapili ijayo, utakuwa umegusa la kwanza tu.

Naomba turudi kwenye maneno yake. Hakuanza kwa kusema sitaki. Alianza kwa kusema, “Hukuniuliza.” Wewe ulisikia kuona haya, ukajibu juu ya kuona haya. Sina hakika kwamba alikuwa akizungumzia haya peke yake. Mtoto wa miaka 4 anavishwa masikio ya kondoo na kupelekwa mbele, naye hufurahi kwa sababu mama amefurahi. Mtoto wa miaka 13 anataka kujua kama ndiyo yake inahesabiwa. Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyeandika sana katikati ya karne iliyopita kuhusu hatua za ukuaji wa binadamu, aliuona ujana kuwa wakati ambapo mtu anajiuliza yeye ni nani mbali na yale aliyopewa na wengine. Kukataa huwa sehemu ya kuuliza huko. Mara nyingine kijana hukataa kile kile anachokipenda, ili akikirudia kiwe chake.

Kuna jambo lingine ambalo huenda lilikupita kwa sababu ulilitazama kwa macho ya fundi. Umeandika kwamba ulishona mto wa kufungia tumboni. Kwako ulikuwa sehemu ya maleba kama kilemba au mkanda. Hebu uutazame mto huo kwa macho ya msichana wa miaka 13 ambaye mwili wake mwenyewe unabadilika, anayejua kwamba wavulana wa darasa lake la Shule ya Jumapili wamekaa safu ya pili, na ambaye ametakiwa atembee polepole katikati ya kanisa akiwa mjamzito, akishikwa mkono na mmoja wao. Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind alieleza kwamba vijana wa umri huu huishi kana kwamba wana hadhira isiyoondoka, wakidhani kila jicho linawatazama na kuwapima. Binti yako hata hana haja ya kuifikiria hadhira hiyo, kwa maana ameandaliwa ya kweli, kanisa zima, pamoja na bibi yake. Aliposema watamcheka, yawezekana alikuwa akikueleza jambo mahususi kabisa ambalo hakupata maneno ya kulitaja mbele ya mama yake. Simsemei, huenda sivyo. Lakini ningependa umuulize kwa upole, mkiwa wawili tu, ni kipi hasa kinachomsumbua: ni igizo, ni nafasi ya Mariamu, ni mto, ni mvulana fulani, au ni ile kutangazwa bila kuulizwa. Kila jibu lina njia yake.

Sasa kuhusu kaka yake. Umepanga matukio matatu, kukataa igizo, kuacha kwaya, kulegea katika kwenda kanisani, ukayaona kuwa uzi mmoja. Yawezekana. Lakini jambo kutangulia lingine si lazima liwe ndilo lililolizaa, na vijana waliokataa kuvaa mabawa wakabaki na imani yao wapo wengi, kama walivyo wale walioigiza hadi miaka 18 kisha wakaondoka. Kinachonigusa ni kwamba mwanao mkubwa ana miaka 21 na ana simu, nawe hujaniambia kama umewahi kumuuliza nini kilitokea alipokuwa na miaka 14. Labda alikataa kwa sababu sauti yake ilikuwa ikivunjika. Labda alikataa, nyumba ikanuna, akajifunza kwamba mambo ya kanisa na mama hayazungumziki. Muulize kama mtu anayetaka kujua, bila kuficha mfukoni hoja ya kumrudisha kanisani. Anaweza kukwambia jambo litakalokusaidia kwa dada yake kuliko lolote nitakaloandika hapa.

Mama mkwe wako anasema mtoto hachagui kumtumikia Mungu. Namheshimu, na najua anasema kutokana na maisha marefu ya imani. Bado ningeuliza kama igizo ni utumishi wenyewe au ni njia mojawapo. Ukifungua Injili utaona jinsi sehemu kubwa ya igizo tunalolijua ilivyoongezwa na waumini baadaye kwa upendo. Luka hamtaji mwenye nyumba ya wageni anayefunga mlango. Hamtaji punda aliyembeba Mariamu. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu; anataja tunu tatu, na watu wakahesabu. Ng'ombe na punda wa horini wametokana na usomaji wa Isaya 1:3, panaposema ng'ombe amjua bwana wake. Wakati Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa hori huko Greccio, Italia, Krismasi ya mwaka 1223, alitaka nyasi kavu, ng'ombe na punda, na watu wakaja usiku wakiwa na mienge na mishumaa. Tomaso wa Celano, aliyeyaandika maisha ya Fransisko miaka michache baada ya kifo chake, hamtaji mtu yeyote aliyevishwa kama Mariamu. Watu walisimama tu mbele ya hori lenye nyasi, wakafurahi.

Nakukumbusha haya kwa sababu nafasi nyingi za igizo letu ziliongezwa ili watoto wengi wapate mahali, nawe kwa cherehani yako umefanya kazi hiyo hiyo kila mwaka. Jambo ambalo watu wamelipanua mara nyingi hivyo linaweza kupanuliwa tena kwa ajili ya msichana mmoja.

Tutazame basi njia zilizo mbele yako, maana kila moja ina gharama yake.

Unaweza kumsisitiza. Inawezekana kabisa atakubali, atasimama pale, na atafanya vizuri, na baadaye atafurahi kwa picha. Wapo watu wazima wanaowashukuru wazazi kwa kuwasukuma. Lakini angalia unamsukuma akiwa wapi. Kama angekuwa anasitasita tu, msukumo mdogo ungemsaidia. Huyu amekwisha kusema hapana kwa sauti ya chini na amenyamaza majuma mawili. Ukimshinda sasa, huenda akajifunza kwamba katika mambo ya Mungu hapana yake haina maana, na akaisubiri siku atakayokuwa mbali nawe ili aitamke kwa namna usiyoweza kuipinga.

Unaweza kumwachilia. Hapo nako pana hatari ambayo mume wako, kwa wema wake, huenda hajaiona. Neno “mwache” linaweza kusikika kama ruhusa, na linaweza kusikika kama kutupwa. Mama akisema basi, usifanye, kisha akaendelea kushona kimya akiwa amemgeuzia mgongo, mtoto hajaachiliwa. Amepewa adhabu isiyo na jina. Ukimwachilia, mwachilie kwa uso wako wote. Umwambie pia kwamba mlango haujafungwa, ili kama usiku ule atatamani kuwamo, asione aibu kuja nyuma ya pazia.

Njia ya tatu ni kumtafutia nafasi nyingine: kuwa msimulizi anayesoma Luka sura ya 2 akiwa pembeni, kukaa na kaka yake kwenye maikrofoni, kuwafundisha wadogo mistari yao, kuwashika mikono kondoo wanaotaka kutoroka. Najua njia hii imekwisha kukujia, kwa kuwa mikono yako imezoea kutafuta vazi linalomtosha kila mtoto. Ninachokuomba ni kwamba usimpelekee nafasi iliyokwisha kushonwa. Ukienda kwake ukisema nimeongea na mwalimu, utakuwa msimulizi, utakuwa umerudia lile lile lililomuumiza. Nenda mikono mitupu. Muulize kama anataka kuwa na sehemu yoyote mwaka huu, na uwe tayari kusikia kwamba anataka kukaa tu na watu wengine, akiangalia.

Lakini kabla ya hayo yote lipo lile neno. Ulichukua maneno ya Yesu kutoka Luka 9:26 ukamwambia mtoto aliyekuwa akiogopa kuchekwa kwamba Bwana atamwonea haya. Najua hukukusudia kumwambia kwamba Mungu amemkataa. Nadhani ndivyo alivyosikia. Ukilitazama kwa jicho hilo, ukimya wake wakati wa sala unaeleweka: ataombaje kwa sauti kwa yule ambaye mama amesema anamwonea haya? Nadhani anastahili kuombwa msamaha kwa jambo hili peke yake, bila kulifunga na igizo, na bila neno “lakini.” Unaweza kumwambia kwamba ulikasirika na ukalitumia neno la Mungu kama fimbo, na kwamba haikuwa kweli juu yake. Huenda asijibu. Huenda jioni hiyo hiyo akanyamaza tena. Usiupime msamaha kwa amina yake ya siku ya kwanza. Mwachie muda, na sala ya nyumbani iendelee bila kumtazama kila inapofika zamu yake.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili anahitaji jibu, na pengine kuna msichana mwingine anayetamani nafasi hiyo na anayehitaji siku za mazoezi. Kumbe huna lazima ya kungoja hadi Jumapili. Unaweza kumwambia leo kwamba ulimsemea binti yako kabla ya kumuuliza, na kwamba unaomba muda mfupi wa kuzungumza naye. Maneno hayo yatoke kinywani mwako, si mwake. Kwa bibi yake nako, naona ni wewe na mumeo mnaopaswa kusimama mbele, ili mtoto asiyabebe maswali ya mezani peke yake.

Igizo huishia horini, mtoto akiwa amelala, na sote tunarudi nyumbani. Luka haishii pale. Katika sura hiyo hiyo ya 2 mtoto ana miaka 12, karibu umri wa binti yako, na wazazi wake wanatembea mwendo wa kutwa wakidhani yumo katika msafara. Hawakuwa wazazi wazembe. Walifikiri yuko pale alipokuwa siku zote. Walimpata siku ya tatu, na mama yake alipomuuliza kwa uchungu, alimjibu kwa swali, nao hawakulielewa neno lile. Luka anaandika kwamba mamaye aliyaweka hayo yote moyoni mwake. Kwa miaka 17 umewavisha watoto nafasi ya Mariamu mwenye kichanga. Mariamu huyu wa mwendo wa kutwa hajawahi kuwa na mtandio wake katika igizo lolote nililoliona, na ninapoisoma barua yako namwona karibu sana nawe.

Hilo linanileta kwenye machozi uliyosema ni kwa ajili yako. Nimefurahi kwamba umeyatenganisha na ya binti yako, kwa sababu yakichanganyika yeye ndiye atakayeombwa ayafute kwa kusimama jukwaani. Yaache yawe yako. Mwambie mume wako, ambaye labda anadhani tatizo lote ni ukaidi wa mtoto. Mwambie pia mama mkwe wako, ikiwa mnasikilizana. Naye aliwahi kuwa na mtoto wa mwisho. Kuhusu mahali mtu hukaa, mwaka huu unaweza kubaki nyuma ya pazia na pini zako kwa ajili ya watoto wa wengine, au unaweza kumwomba mama mwingine akusaidie, ukakaa mbele kwa mara ya kwanza, taa zikazimwa, ukamsikia malaika mdogo akisema “Msiogope” kutoka upande ambao hadhira humsikia. Huenda binti yako akakaa kando yako. Huenda akachagua kukaa na marafiki zake safu tatu nyuma, nawe ukajizuia kugeuka kumtafuta.

Ile kanzu ya mchungaji usiifungie sandukuni kwanza. Lazima kuna mtoto mwaka huu wa kuanzia mstari wa juu, na wewe ndiye unayejua upindo unakunjwa wapi.

Wako katika ushauri,
Mshauri